Barua ya wazi kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wa Nyanda za Juu Kusini: tukishaanua matanga, watoto mnawaacha na nani?

Shikamooni wazee wetu. Bwana Yesu asifiwe, na kwa baba zetu mapadri, Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika kutoka Uyole hapa Mbeya. Ni binti wa miaka 24, nimekulia kanisani, kwaya ya watoto nimeimba, ya vijana nimeimba, na sasa hivi nasaidia kulea vijana wa kipaimara na wale wa sekondari wanaokuja ibada ya vijana. Barua hii siielekezi kwa dhehebu moja. Nina wenzangu wanaofanya kazi hii hii Tukuyu, Kyela, Vwawa, Makambako, Mafinga na Iringa mjini, kuna Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, na tukikaa kupiga stori za vijana wetu unaweza ukadhani wote tunasali sehemu moja maana mambo ni yale yale. Kwa hiyo baba askofu, baba mchungaji, baba paroko, mzee wa kanisa, katekista, mwinjilisti, mama mchungaji, wote naomba mnisikilize, na nikikosea lugha mnisamehe maana haya mambo nimekaa nayo muda mrefu.

Kanisa la huku kwetu linajua kuzika, hilo lazima niliseme kwanza maana ni haki yenu. Mtu akifariki Ilomba saa nane usiku, kunakucha kina mama wa jumuiya wameshafika na masufuria, vijana wanafunga maturubai, mzee wa kanisa yuko na daftari la michango, kwaya imeshapangwa, mchungaji anakuja ibada ya jioni kila siku mpaka siku ya maziko, na makaburini mvua inyeshe isinyeshe watu wapo. Nimeona mtu asiye na ndugu hata mmoja hapa mjini akisindikizwa na umati kwa sababu tu alikuwa anasali na sisi. Alafu tunaanua matanga, maturubai yanafunguliwa, viti vya kukodi vinahesabiwa vinarudishwa, watu wanaagana, na pale nyumbani kuna mtoto wa miaka 14 amesimama mlangoni hajui kesho akiamka anafanya nini. Ni kwa ajili yake naandika.

Mama mjane mnamkumbuka, idara ya wanawake itaenda kumwona, sio mara nyingi lakini itaenda. Wale wadogo wa Sunday school watapewa biskuti watacheza na wenzao. Huyu wa katikati, huyu wa kidato cha kwanza au cha pili, hana fungu lake. Kwenye kazi za msiba anahesabiwa mkubwa, chota maji, osha vyombo, nenda kapokee wageni stendi ya Nane Nane, kaazime majamvi. Kwenye maongezi anahesabiwa mdogo, toka hapa wakubwa wanaongea. Na ikifika siku ya maziko ndo anapewa msalaba aubebe mbele ya jeneza la baba yake.

Naomba siku moja mumwangalie huyo mtoto vizuri. Mmoja nilimwona kwa karibu. Alikuwa amevaa koti la baba mdogo, mikono imemzidi mpaka vidole havionekani, ule msalaba umechongwa jana yake na rangi haijakauka, jina la baba yake limeandikwa kwa brashi, chini tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, na njia nzima kutoka nyumbani mpaka makaburini watu wazima wanampita pembeni wanamwambia jikaze, wewe ndo baba wa nyumba sasa. Hakulia. Jioni watu wanakula nikamkuta nyuma ya jiko anaangalia viganja vyake, rangi nyeusi imegandia, nikamwambia ngoja nikuletee mafuta ya taa utoe, akasema acha tu dada, itatoka yenyewe. Baada ya hapo kwa muda mrefu hakuna mtu wa kanisani aliyeenda kukaa na huyo mtoto kama yeye, yaani sio kama mtoto wa marehemu fulani, kama yeye na jina lake. Hata kwenye historia ya marehemu iliyosomwa pale tulisikia ameacha mjane na watoto wanne. Wanne. Hakuna aliyetajwa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wengi wenu hamkioni kwa sababu mnakuwa mmeshaondoka, kikao cha ukoo. Mnajua wenyewe kinavyokwenda. Matanga yakishaanuliwa wanakaa baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi, wajomba, wanasoma mapato na matumizi ya msiba, wanasoma madeni, anachaguliwa msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa wa kupeleka mahakama ya mwanzo, na hapo hapo ndo watoto wanagawanywa. Wa kwanza ataenda kwa baba mdogo Tunduma, wa pili shangazi wa Makambako atamchukua, huyu mdogo abaki na bibi kijijini Rungwe. Na yule wa kike amemaliza darasa la saba, kuna mama anatafuta dada wa kazi Dar, basi aende akajisaidie. Mabinti wangapi wa Iringa, Njombe na Mbeya wako kwenye majiko ya watu Dar es Salaam kwa njia hii hii, na kila mtu kwenye kile kikao alirudi kwake akiona ametenda wema.

Wale watoto wanasikia. Nyumba zetu mnazijua, kuta zake, dari hamna, chumba cha pili mtu akikohoa unasikia. Wamelala kitanda kimoja wanasikiliza wanavyogawanywa, wamempoteza baba wiki iliyopita na sasa wanapotezana wenyewe. Kuna mdada sasa hivi yuko chuo, aliniambia kumzika mama yake kulimuuma lakini kilichomvunja kabisa ni asubuhi aliyoamka akakuta mdogo wake ameshaondoka na basi la saa kumi na mbili, walimwondoa dada mtu akiwa bado amelala ili wasilie. Ili wasilie! Watu wazima walipanga hivyo wakaona ni busara.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kabisa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe haki ya kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu, na inasema pia asizuiwe kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Hii ni sheria ya nchi tangu 2009 lakini kwenye vikao vyetu vya ukoo nani anaijua? Nyie mnasikilizwa. Baba mdogo anayeweza kumfokea afisa ustawi wa jamii hawezi kumfokea mchungaji aliyemzikia kaka yake. Naomba mzee wa kanisa mmoja au mwinjilisti abaki kwenye kile kikao, asiingilie ukoo, asishike hela ya mtu, aulize tu swali moja mbele ya wote: watoto wenyewe wameulizwa wanataka kukaa na nani? Na wakishagawanywa aandike wanaenda wapi, mtaa gani, kanisa gani liko karibu, ampigie mchungaji wa huko Tunduma au Makambako amwambie kuna mtoto wetu anakuja kwenu, amefiwa, jina lake ni hili. Mbona muumini akihama mnamwandikia barua ya utambulisho, na huyu mtoto naye amehama.

Kuna familia nyingine msiba unakuja na maneno ya uchawi juu yake, na huku kwetu tusidanganyane haya maneno yapo sana. Mama amekufa kwa presha lakini jioni ya kwanza tu mtu ameshanong'ona kwamba ni bibi. Mtoto aliyekuwa anategemea abaki na bibi yake anaanza kumwogopa, au anakatazwa kumsogelea, kwa hiyo amefiwa na mama na bibi kwa mpigo. Naomba kwenye mahubiri ya msiba mseme wazi, kama ndugu wameridhia, marehemu aliumwa nini. Neno la mchungaji pale mbele ya jeneza linaweza kuzima moto ambao ukiwaka hauzimiki kwa miaka.

Mimi mama yangu alifariki nikiwa kidato cha tatu. Sitaki kuongea sana habari zangu ila niseme mambo mawili. La kwanza, kila mtu aliniambia Mungu amempenda zaidi. Wachungaji walisema, wazee walisema, hata walimu. Na mimi kwa akili yangu ya miaka 16 nikawa najiuliza, kama Mungu akimpenda mtu anamchukua, basi nisali ili iweje, si atawapenda na wadogo zangu? Nilimkasirikia Mungu na sikuwa na wa kumwambia kwa sababu kanisani kukasirika na Mungu ni kukufuru. Kwa muda mrefu nilikuwa naenda ibadani, naimba, sala inaombwa nafumba macho, ila ndani hakuna neno linalotoka.

La pili ni mama mmoja wa jumuiya yetu, anauza mboga Soweto sokoni. Huyo mama hakuja na Biblia. Alikuwa anakuja Jumamosi jioni akitoka sokoni na kazi yake, leo maharage ya kuchambua, siku nyingine njegere za kumenya, anakaa kwenye kigoda pale jikoni tunachambua wote, kama naongea anasikiliza, nisipoongea anachambua maharage. Siku nilipomwambia kwamba nimemchukia Mungu nilidhani atanikemea, akasema mwanangu mwambie mwenyewe hayo maneno, anayasikia hata hivyo. Akaendelea na maharage yake. Nilianza kusali tena kutokea pale, sala yangu ya kwanza ilikuwa ni kulalamika tu mwanzo mwisho, na leo namwamini Mungu kuliko nilivyokuwa namwamini kabla mama hajafa.

Biblia inajua haya mambo kuliko tunavyoihubiri. Marafiki wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku wala hakuna aliyesema neno kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno, walianza kukosea walipofungua mdomo kumweleza sababu. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaisha gizani, haina haleluya mwishoni, na bado Mungu aliiacha iwe ndani ya kitabu chake. Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro, alijua kabisa, na bado alipoona Mariamu analia, Yesu akalia machozi. Hakumwambia jikaze. Sisi tumelitoa wapi hili jikaze tunalowapa watoto? Paulo ameandika furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao, naye hakutaja umri.

Na Eliya. Huyu naomba mumhubiri kwa vijana wetu hata mara moja kwa mwaka. Nabii aliyeshusha moto kutoka mbinguni, sura inayofuata yuko jangwani chini ya mretemu anamwomba Mungu amwondolee uhai maana imetosha. Mungu hakumkemea pepo. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, akasema safari ni kubwa. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kijana wetu akisema maneno hayo hayo ya Eliya leo, tena wanayasema, wanaposti usiku kwamba nimechoka na haya maisha na sisi tunajibu kwa viemoji vya mikono ya kuomba, akiyasema kanisani anaambiwa ana roho ya mauti. Anawekwa katikati, watu wazima wanamzunguka, anasukumwa kichwa mpaka aanguke, asipoanguka ndo pepo lake sugu. Anaambiwa afunge kavu siku tatu, mtoto ambaye hata bila kufunga alikuwa ameshaacha kula.

Msinielewe vibaya, naamini maombi na naamini Yesu anaponya, nisingeamini nisingekuwa naandikia nyie. Lakini kanisa hili hili ndo lilijenga hospitali huku kwetu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kazi waliyoianza ikaja kuwa makanisa, mashule na hospitali. Leo tuna Isoko na Mbozi za Moravian, tuna Itete, Ilembula na Ilula za Walutheri, Wakatoliki wana Igogwe. Mtu akivunjika mguu kwenye mteremko wa Mlima Nyoka hakuna mchungaji atakayesema afunge kwanza, mnaomba na gari linawashwa. Basi na mtoto ambaye halali, hali, hasomi, anaongea habari za kufa, ombeni na gari liwashwe. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, hesabuni wenyewe darasa lenu la kipaimara. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, una matibabu, hospitali za rufaa zina wahudumu wa afya ya akili, na mzazi wa kijijini atakubali kumpeleka mtoto kama ni mchungaji wake ndo amemwambia. Asipoambiwa na mchungaji atampeleka kwa mganga, hapo hakuna siri.

Kuna hili la UKIMWI nalo, tumelizoea mpaka tumeacha kuliongelea. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ni sisi hao, mikoa hii hii yenye makanisa kila kona. Ina maana kanisani Jumapili wapo vijana waliolelewa na bibi kwa sababu wazazi wote wamekwenda, na wapo vijana waliozaliwa na virusi ambao wanameza dawa kila siku ya maisha yao na mwenzao wa benchi moja hajui. Binti mmoja anayesoma bweni alinionyesha kopo lake, amelibandua karatasi na ndani amejaza pamba ili vidonge visilie akifungua tranka usiku wenzake wakiwa wamelala. Anameza gizani bila maji. Huyo binti alienda mkesha, mtumishi mmoja akatangaza kwamba kuna watu wameponywa virusi usiku ule na wakaonyeshe imani kwa kuacha dawa, akaacha. Alipokuja kujulikana alikuwa amelazwa, amekonda hata sauti hamna. Amepona ile hali na amerudi kliniki, Mungu ni mwema, lakini sio wote wanaorudi. Maaskofu wetu, hili halihitaji kikao kirefu. Mtumishi yeyote atakayesimama madhabahuni kwenu akamwambia mtu aache dawa, mumsimamishe, na mtangaze kwamba mtafanya hivyo ili vijana wasikie kwa masikio yao. Mwisho wa siku dawa ni bure na wanaoishi kwa kuzimeza tunawajua, wengine wameolewa, wana watoto wazima kabisa wasio na virusi.

Sasa hili linalofuata ni gumu kwangu kuandika. Kuna kijana wa mitaa ya kwetu alijiua, alikuwa kidato cha nne. Sitasema zaidi kuhusu yeye. Ninachotaka kusema ni jinsi alivyozikwa. Kengele haikupigwa, kwaya haikuja, mchungaji hakuja, wakina mama wa jumuiya waliambiwa wasivae sare, akazikwa haraka haraka na ndugu wachache, na Jumapili iliyofuata likahubiriwa neno kwamba anayejitoa uhai ameenda motoni moja kwa moja. Mdogo wake wa kike alikuwa amekaa kanisani siku hiyo, ana miaka 13, anasikiliza. Wiki ile ile akaniuliza, dada, kwa hiyo nikimwombea kaka ni dhambi?

Nawauliza na nyie, nilipaswa nimjibu nini?

Nilimwambia aombe. Nilimwambia Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, Zaburi 34, na kaka yake alikuwa amevunjika moyo. Kumbe hata Wakatoliki kwenye Katekisimu yao, namba 2282 na 2283, wanafundisha kwamba mateso makali ya akili na hofu kubwa vinaweza kupunguza uzito wa lawama ya mtu aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa na wokovu wake, na Kanisa linawaombea. Sijui kwa nini maneno haya hayafiki kwenye misiba yetu. Mkimnyima marehemu ibada hamumwadhibu marehemu, mnamwadhibu mdogo wake, na yule kijana mwingine aliyekaa nyuma ambaye alikuwa anafikiria mambo hayo hayo anajifunza kwamba kanisani asiseme. Na hapo kumbukeni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia inaogopa polisi, inaogopa majirani, inaficha. Mlango uliobaki ni wenu.

Lakini ili mtoto aingie kwenye huo mlango lazima ajue siri yake itakaa. Hapa vijana wengi wameumia. Anamwambia kiongozi jambo lake zito, kwamba baba wa kambo anamwingilia usiku, kwamba ana mimba, kwamba anajikata mikono, na Jumatano kwenye maombi linatajwa kama hitaji, tumwombee binti wa familia fulani, au linaingia kwenye grupu la WhatsApp la wazee na kabla ya jioni Mwanjelwa nzima inajua. Hatarudi tena huyo. Siri ya ungamo Wakatoliki wameilinda miaka yote, na sisi wengine tuweke utaratibu wetu unaoeleweka, anayevujisha aondolewe kwenye huduma. Isipokuwa pale ambapo mtoto anaumizwa na mtu, hapo ni kumwambia ukweli kwamba hili siwezi kulikalia, twende wote ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, na kwenda naye kweli. Haya mambo ya kusuluhisha ubakaji kwa kikao cha wazee na ng'ombe mmoja yaishe, na kanisa lisiwe shahidi wa kikao cha namna hiyo hata siku moja.

Na binti aliyepata mimba shuleni, serikali tangu Novemba 2021 imeruhusu arudi kusoma. Sehemu nyingine kanisani bado anakaa benchi la nyuma ametengwa, hapokei meza ya Bwana, na kijana aliyempa mimba anapiga kinanda mbele. Nimelipitia haraka hili maana mnalijua.

Najua mna mizigo. Mchungaji mmoja ana mitaa mitatu, pikipiki mbovu, barabara ya Busokelo wakati wa mvua mnaijua wenyewe, mshahara unachelewa, na mchungaji naye amefiwa na hakuna aliyemuuliza. Simwombi mchungaji afanye yote. Ila nasema pia kwamba tumeona huku kwetu makanisa yakifungwa kwa makufuli, polisi wakiitwa, kesi zikienda mahakamani kwa ajili ya nani awe kiongozi, na nguvu, hela na vikao vya mambo hayo vilipatikana. Vijana waliangalia yote. Walikuwa wamesimama nje na Biblia zao.

Kwa hiyo tunachoomba kwa mwaka unaokuja kinawezekana. Kila usharika, kila parokia, iwe na watu wawili, mwanaume na mwanamke, kazi yao iwe ni watoto waliofiwa wa miaka kumi na kitu. Wasiwe wahubiri. Yule mama wa maharage alikuwa darasa la saba na alifanya kazi ambayo mimi sijaona mwenye digrii akiifanya. Wawe na daftari, jina la mtoto, nani amefariki, tarehe, na wamtembelee mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, na ile tarehe ikirudi mwaka unapotimia wawepo. Watu hao wapewe mafunzo, mna vyuo vya theolojia, Teofilo Kisanji iko hapa hapa Mbeya na Iringa kuna chuo kikuu cha Walutheri, waombeni walimu waje hata wiki moja wawafundishe ushauri nasaha na dalili za hatari. Mashuleni mna vikundi vya wanafunzi Wakristo, UKWATA, TYCS na CASFETA, viongozi wao wafundishwe kwamba mwenzao akisema anataka kufa wasimfungie maombi peke yao chumbani, wamwite matroni au patroni usiku ule ule. Na namba 116, ile ya simu ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure, ibandikeni kwenye ubao wa matangazo pale pale mnapobandika ratiba ya zamu na matoleo.

Yakobo ameandika dini iliyo safi isiyo na taka mbele za Mungu Baba ni hii, kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwenda. Sisi vijana tutaenda na nyie, hatuwaachii peke yenu, tuko wengi wenye nafasi Jumamosi na Jumapili mchana, tupeni ruhusa na mtu mzima wa kutusimamia.

Tunaomba majibu kabla ya Januari, maana shule zikifunguliwa ndo watoto wengi wanahamishwa na wakishahama kuwapata ni kazi. Mkituita ofisini tutakuja, na kuna vijana wanne watano ambao wamesema wako tayari kuja kuongea na nyie wenyewe kwa midomo yao, mkiwahakikishia tu kwamba watakayosema yatabaki humo ndani.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Binti yenu katika Kristo,
mlezi wa vijana, Uyole, Mbeya